Ushauri kwa Wanywaji Usiwe Tafsiri Tupu

Watu wengi hudhani kwamba pombe, kwa kuwa ni kemikali moja, huwadhuru watu wote kwa njia moja, na kwa hiyo tiba yake nayo yapaswa kuwa moja. Sehemu ya kwanza ya dhana hiyo ina ukweli mwingi, kwani ini la mwanadamu halichagui kabila wala lugha. Lakini mtu anywaye kupita kiasi hatibiwi ini peke yake. Huzungumzwa naye pia, na maneno ya mshauri hayana budi yapite katika lugha, heshima, hofu na matumaini ya yule anayeshauriwa. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini ushauri huo wapaswa kutengenezwa kulingana na maisha ya wanaoshauriwa. Mfano nitakaoutumia ni wa wanaume wa Marekani wenye asili ya nchi za Amerika zisemazo Kihispania, ambao huko huitwa Walatino.

Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa Walatino wa Marekani walizidi milioni 62. Idadi kubwa kati yao hawanywi pombe. Hata hivyo, wanaume wanaokunywa huelekea kunywa kwingi kwa mara moja, na vifo vitokanavyo na kusinyaa kwa ini ni vingi zaidi miongoni mwa Walatino kuliko miongoni mwa Wazungu wa nchi hiyo. Huko mwanamume huhesabiwa kuwa mnywaji wa kupindukia akinywa vipimo 5 au zaidi kwa siku, au 15 au zaidi kwa juma. Kipimo kimoja kina gramu 14 za alkoholi halisi, yaani kiasi kilichomo katika kopo moja la bia ya kawaida. Pamoja na madhara hayo, ni wachache wanaofika penye matibabu, maana lugha, gharama, ukosefu wa bima na, kwa baadhi yao, hofu ya kufukuzwa nchini huwazuia.

Njia ya ushauri inayotumika sana leo ilielezwa mwaka 1983 na William R. Miller wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Kabla yake, waganga wengi wa Marekani waliamini kuwa mlevi ni mtu wa kukana, na kwamba dawa yake ni kumkabili kwa maneno makali hadi akiri. Miller alipendekeza kinyume cha hayo. Mshauri aulize, asikilize, na amsaidie mnywaji kuzitaja mwenyewe sababu zake za kutaka kubadilika. Njia hii twaweza kuiita mazungumzo ya kuamsha nia. Wahenga wetu walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Katika maradhi ya pombe, hata hivyo, mgonjwa hapana budi aulizwe, kwani nia ya kuacha haiwezi kunyweshwa na mtu mwingine.

Swali linalofuata ni hili: aulizwe nini? Kijana aliyekulia Chicago na mwanamume aliyevuka mpaka kutoka Mexico, akamwacha mke na watoto nyuma, huenda wakanywa bia sawa kwa sababu zisizofanana. Huyu wa pili hunywa katika upweke wa chumba cha kupanga, baada ya kazi ya kutwa, pengine baada ya kudharauliwa kwa sababu ya lafudhi yake. Mtaalamu Christina Lee na wenzake waliirekebisha njia ya Miller ili mambo hayo yaingie katika mazungumzo: taabu za uhamiaji, ubaguzi, na wajibu kwa jamaa. Mwaka 2013 walitangaza matokeo ya jaribio dogo la Walatino. Baadhi walipewa ushauri wa kawaida na wengine ushauri uliorekebishwa. Makundi yote mawili yalipunguza unywaji, lakini madhara ya pombe yalipungua zaidi kwa waliopata ushauri uliorekebishwa.

Jaribio kubwa zaidi, la watu 296, lilitangazwa mwaka 2019. Hapa matokeo yalihitaji kusomwa kwa uangalifu. Makundi yote mawili yalipata nafuu katika muda wa miezi 12, na tofauti ya jumla baina yao haikuwa kubwa. Manufaa ya ziada yalionekana kwa wale ambao walikuwa hawajazoea sana maisha ya Kimarekani, na kwa wale waliokuwa wamepatwa na ubaguzi zaidi.

Wako watakaosema kwamba matokeo hayo yathibitisha kuwa kurekebisha ushauri ni kupoteza fedha. Mimi siafiki. Wastani wa kundi zima waweza kuficha tofauti zilizomo ndani yake, na hapa waliofaidika zaidi ndio hasa waliokuwa mbali na mshauri wa kawaida. Ni kweli kwamba matokeo ya sehemu ya kundi hayana nguvu kama ya kundi zima, na yapaswa kuthibitishwa kwa majaribio mengine. Lakini yatuonyesha pa kuelekeza juhudi: ushauri uliorekebishwa upewe kwanza yule ambaye maisha yake mshauri hayajui.

Iko hatari ya upande mwingine pia. Mshauri aliyesoma kitabu kimoja juu ya Walatino aweza kudhani kuwa anawajua wote, na kwamba kila mwanamume wao hunywa ili aonyeshe uanaume. Uchunguzi ulioongozwa na Raul Caetano mwaka 2006, uliohusu watu wazima 5,224 katika miji 5, ulionyesha kuwa wanaume wenye asili ya Puerto Rico na Mexico walikunywa kuliko wenye asili ya Cuba. Isitoshe, uanaume huo huo wanaousifu una upande wa kulinda nyumba na kutunza jamaa, na upande huo waweza kuwa sababu ya mtu kupunguza chupa. Basi utamaduni umpe mshauri maswali ya kuuliza, usimpe majibu kabla hajauliza.

Mahali pa kutolea ushauri nako kwataka kufikiriwa. Mjini Seattle, India Ornelas na wenzake waliupeleka kwenye kituo ambako vibarua Walatino husubiri kazi za siku, ukitolewa kwa Kihispania na wahudumu wa afya wa jamii yao. Mtu anayeogopa hospitali si lazima aogope benchi analokalia kila asubuhi.

Mambo haya hayako mbali nasi. Dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani, linalotumika kutambua wanywaji walio hatarini, lilitengenezwa kwa utafiti wa nchi 6, zikiwamo Mexico na Kenya. Mjini Eldoret, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 juu ya wagonjwa 614 wenye virusi vya UKIMWI yalionyesha kuwa tiba ya kubadili fikra na mwenendo, iliyorekebishwa kulingana na mazingira yao na kutolewa kwa Kiswahili na watu wasio waganga waliofunzwa kazi hiyo, ilipunguza siku za kunywa kuliko elimu ya kawaida ya afya. Mjini Moshi, wauguzi wamefunzwa kuwashauri majeruhi katika mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaotoa fedha za tiba wasiridhike na karatasi iliyotafsiriwa. Waulize kama wanywaji wenyewe walishirikishwa kuitunga. Pili, kila marekebisho yapimwe kwa jaribio lenye kundi la kulinganisha, na matokeo yatangazwe hata yasipopendeza. Tatu, washauri waajiriwe kutoka katika jamii wanazozihudumia, nao walipwe kama wafanyakazi wengine wa afya. Ujuzi wa kuuliza swali lifaalo katika lugha ifaayo ni utaalamu, na mtaalamu haombwi kazi ya bure.