Frateri Kutembea: Anasa au Masomo?



Picha moja ya frateri aliye Ulaya huleta maneno mengi kuliko barua kumi. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliiona ile niliyopiga na wanadarasa wenzangu mbele ya abasia, baadhi yetu na miwani ya jua, akaandika kwenye kundi la jumuiya: “Frateri, na huko mnasoma saa ngapi?” Watu walicheka. Mimi naona swali ni la haki. Mama huyo hutoa mchango wa miito kila mwaka kutoka katika biashara ya maandazi, na anayechangia ana haki ya kuuliza.

Nianze na fedha, maana ndiko wengi wanakotazama. Nauli ya treni tulilipa kwa posho zetu, na chakula kilikuwa mikate tuliyofunga asubuhi. Hayo yameisha.

Mahali penyewe ni Fossanova, kusini mwa Roma. Tulikwenda sita: Wahindi wawili, Wanaigeria wawili, Mvietnamu mmoja na mimi Mtanzania. Kwa macho ya mtalii hakuna mengi. Wasisterisiani walijenga kanisa lile bila mapambo, mawe matupu, ili macho ya mtawa yasitangetange wakati wa sala. Mnaigeria mmoja, aliyezoea Basilika la Mtakatifu Petro, aliuliza kama vitu vyao vimehamishwa.

Lakini katika nyumba ya wageni ya abasia kuna chumba ambacho sasa ni kikanisa. Hapo ndipo anapokumbukwa kufariki Mtakatifu Thomas wa Akwino, tarehe 7 Machi 1274. Alikuwa safarini kwenda kwenye Mtaguso wa Lyon ulioitishwa na Papa Gregori wa X, akaugua njiani. Umri wake ulikuwa kama miaka 49. Hata mwili wake haupo tena pale. Mwaka 1369 ulihamishiwa Toulouse, Ufaransa.

Darasani Thomas ni swali, pingamizi na jibu, na kwa wengi wetu ni hofu ya mtihani. Katika chumba kile ni mgonjwa aliyepokewa na watu wasio wa shirika lake. Tangu Desemba 1273 alikuwa ameacha kuandika, na Summa Theologiae ikabaki haijaisha, imekatikia kwenye mafundisho ya Kitubio. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Pale nilikaa nayo karibu nusu saa, na hakuna kati yetu aliyetoa simu.

Tena Thomas naye alisoma ugenini, Paris na Cologne, kwa Mtakatifu Alberto Mkuu. Wanafunzi wenzake walimwita ng'ombe bubu kwa ukimya wake. Kabla ya hapo ndugu zake, waliokuwa na mipango mingine juu yake, walimzuia nyumbani karibu mwaka mzima asiende na Wadominikani. Kwa hiyo mvutano kati ya mwanafunzi na matarajio ya nyumbani haukuanza na WhatsApp.

Na ni Thomas huyohuyo, akimfuata Aristotle, aliyefundisha kwamba maarifa yetu huanzia katika milango ya fahamu. Kama ni hivyo, frateri wa falsafa anayefungiwa maktabani mwaka mzima ananyimwa sehemu ya somo lake. Hapo sikubaliani na mama yetu. Ninapokubaliana naye ni kwamba picha peke yake haitoshi. Haionyeshi mtihani wa mdomo kwa Kiitaliano, wala usiku wa kutafuta neno moja la Kilatini. Kijana wa parokiani akiiona anajua tu kwamba Ulaya kuna jua na miwani. Mafrateri tulio nje tungejiwekea desturi: ukituma picha, tuma na ukurasa mmoja wa ulichojifunza, usomwe jumuiyani. Wangu nimeshautuma, na mama ameujibu kwa swali jingine gumu zaidi: kwa nini Mungu alimwacha Thomas afe kabla ya kumaliza kitabu. Bado natafuta jibu.

Kwa safari ijayo wenzangu wanataka Venice. Mimi nimependekeza Ostia, karibu tu na Roma, alikofariki Mtakatifu Monika mwaka 387, akiwa na mwanawe Agostino, wakisubiri meli ya kurudi Afrika. Hadi sasa kura ni tatu kwa tatu.