MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE: HATA ULAYA

Juzi tukirudi nyumbani baada ya masomo, mwenzangu mmoja alidai eti raia wa Ulaya hawana taabu. Ati Mreno akichoka na Lisbon, anapanda ndege hadi Berlin na kuishi huko apendavyo, na hapana wa kumwuliza kitu. Tulibishana hadi njia panda. Nimeonelea nimjibu hapa, nanyi muwe waamuzi.

Anayosema ni kweli, lakini ni nusu tu. Mkataba wa Maastricht wa 1992 uliwapa raia wa nchi wanachama uraia wa Umoja wa Ulaya, na leo nchi hizo ni 27. Mreno haombi viza wala kibali cha kufanya kazi Ujerumani. Kitambulisho chake kinamtosha kwa miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo, sheria ya mwaka 2004 inamtaka awe na kazi au biashara, au awe anatafuta kazi kwa dhati. Kama hana hayo, hata akiwa mwanafunzi, sharti awe na fedha za kujikimu na bima ya afya. Akikaa kihalali miaka mitano mfululizo, anapata haki ya kuishi huko daima. Je, hilo si jembe la wahenga wetu? Mgeni anakaribishwa, kisha anashika mpini kama wenyeji.

Mimi sioni ubaya wa jembe hilo. Jambo linaloniuma ni jingine: haki hii yaweza kuponyoka. Tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipiga kura ya maoni, na karibu asilimia 52 wakaamua kutoka katika Umoja huo. Vijana wa miaka 16 na 17 hawakuruhusiwa kupiga kura. Mwisho wa 2020, uhuru wao wa kuhama ukakoma. Leo kijana Mwingereza akitaka kwenda kufanya kazi Paris, kwanza atafute viza ya kazi. Akienda kutembea tu, asizidishe siku 90 katika kila siku 180. Jamani, si mchezo! Mimi nina miaka 16. Ningehisi vipi watu wazima wakifunga mlango waliokwisha kuupitia wao?

Kwa hivyo, rafiki yangu, uhuru wa kuhama si zawadi iliyoanguka kutoka mbinguni. Uliandikwa na watu, na watu wanaweza kuufuta. Hata sisi Afrika Mashariki tuna itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, nayo inagusia uhuru huo huo. Wangapi kati yetu tumewahi kuuliza inasema nini? Tusingoje ifutwe ndipo tuulize.

Kama bado unabisha, kalamu ni hiyo. Nijibu katika toleo lijalo.