Meno humtaja marehemu, si lazima yamtaje mwuaji

MOTO unapouteketeza mwili hata ndugu wakashindwa kuutambua, mara nyingi kinachosalia ni meno. Tabaka la juu la jino ndilo gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu.

Ndiyo maana Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, huyahesabu meno, alama za vidole na vinasaba kuwa njia kuu tatu za kuwatambua waliokufa katika maafa.

Kazi ya daktari wa meno hapo ni kulinganisha. Hutazama jino lililozibwa, lililong'olewa au lililopinda, kisha hutafuta faili na picha za eksirei za mtu huyo alipokuwa hai.

Baada ya tsunami ya Desemba 2004 nchini Thailand, katika miezi ya mwanzo, meno yalitambulisha watu wengi kuliko njia nyingine yoyote. Lakini wengi wao walikuwa watalii ambao madaktari wa kwao walitunza kumbukumbu zao. Wenyeji wengi hawakuwa nazo.

Utaalamu huo huyumba pale unapoacha faili na kusoma alama za kuumwa kwenye ngozi, kwani ngozi huvutika na kuvimba. Nchini Marekani, Ray Krone alipatikana na hatia ya mauaji mwaka 1992 na kuhukumiwa kifo, baada ya mtaalamu kudai kuwa meno yake yalilingana na alama iliyokuwa kwenye mwili wa marehemu. Mwaka 2002 vipimo vya vinasaba vilimwonyesha mtu mwingine, naye Krone akaachiwa huru.

Mwaka 2023 taasisi ya viwango ya nchi hiyo, NIST, ilihitimisha kuwa uchambuzi wa alama hizo hauna msingi wa kutosha wa kisayansi.

Kwa Afrika Mashariki, pengo liko kwenye kumbukumbu. Moto ulipoua wanafunzi 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri nchini Kenya, Septemba 2024, wazazi walitoa sampuli za vinasaba na kulazimika kusubiri majibu kabla ya kuzika.

Wengi humwona daktari wa meno siku ya kung'oa tu, na kumbukumbu zao ni chache. Mtaalamu hata awe hodari vipi, pasipo faili hana cha kulinganisha, na familia hubaki ikingoja mlangoni mwa chumba cha maiti.