Kimya cha bekapu kina mshindo

Leo naandika kwa kujikosoa, maana kosa lilikuwa langu.

Naishi Ruiru na kazi yangu ni kuandika programu. Mteja wangu mmoja ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Thika. Nilimwekea programu ya mauzo, kisha nikapanga bekapu ijifanye yenyewe kila siku saa nane usiku kwenye diski ya nje. Nikaijaribu mara moja, ikakubali, nikapanda matatu nikarudi nyumbani.

Miezi minne baadaye diski ya kompyuta ikafa. Nilikwenda bila wasiwasi, nikaichomeka ile diski ya nje. Nakala ilikuwa moja tu, ya siku ya majaribio.

"Mama, kwani usiku huwa unazima kompyuta?"

"Kijana wangu, nikifunga duka nazima stima yote. Bili utanilipia wewe?"

Hakuwa na kosa, sikuwa nimemwambia. Kilichopotea ni madeni ya miezi minne: nani alichukua simiti, nani mabati, nani amelipa nusu. Ilibidi akae na karani wake wakumbuke jina kwa jina, na mafundi wengine wakaapa kwamba walishalipa.

Windows ina kisanduku kidogo cha kuiamuru kompyuta ifanye kazi iliyopitwa na wakati mara inapowashwa. Sikukiweka alama. Kwenye Linux, cron hairudii kazi iliyopitwa; anacron ndiyo huirudia. Lakini hata ningeweka alama hiyo, ningejuaje siku diski ya nje imejaa, au imechomolewa ili mtu achaji simu?

Maoni yangu ni haya: sisi watu wa kompyuta tunadhani kupanga kazi ni sawa na kuifanya. Tunaiambia programu itutumie ujumbe ikishindwa, halafu kimya tunakihesabu kuwa usalama. Kazi ambayo haikuanza haiwezi kutuma ujumbe kwamba imeshindwa! Ni kama mlinzi wa usiku uliyemwambia akupigie simu akiona mwizi. Akilala hapigi, nawe unalala fofofo. Afadhali yule anayepiga kila asubuhi kusema yupo. Siku asipopiga, unaamka ukaangalie.

Msidhani ni mambo ya maduka madogo tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata yao kuu. Walipotafuta bekapu za kila siku, hazikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2 la PostgreSQL, hifadhidata ni 9.6, kwa hiyo kila mara ilikataa. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla. Data ya saa hizo 6 ilipotea.

Siku hizi nafanya hivi. Bekapu ya Thika inaanza saa kumi jioni, duka likiwa wazi. Ikimaliza, inakagua kama faili lina ukubwa unaokaribia ule wa jana, ndipo inaijulisha mashine nyingine iliyo mbali na duka. Ikifika saa moja usiku bila taarifa, mashine hiyo inanitumia SMS. Na kila mwezi nairudisha nakala kwenye kompyuta tofauti, namwita mama asome madeni mwenyewe. Akitikisa kichwa, nakaa chini kutafuta kasoro.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi ndugu msomaji, mara ya mwisho umerudisha faili kutoka kwa bekapu yako ni lini? Kama hukumbuki, jaribu leo jioni, kabla hujazima stima.