Shauri la mwezi: Flashi haichomolewi kwa haraka



Katika nyumba nyingi za Uvira, karatasi za jamaa sasa zinakaa ndani ya flashi, kile kidude kidogo ambacho wengi wetu tunakiita kle. Maji yalitufundisha. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba nyingi, na nyumba ikienda na maji, karatasi za shule, za kiwanja na picha za arusi zinaenda nayo. Kwa hiyo ni vizuri kutunza kopi. Lakini flashi nayo iko na hatari yake, ni mkono wetu wenye haraka.

Tuseme katibu wa kooperative ya wachimbaji ametoka Misisi, amepita Baraka, amefika mjini na hesabu ya miezi mitatu. Inaandikwa vizuri kwenye kompyuta, inanakiliwa kwenye flashi. Inje gari linapiga honi. Kijana wa masini anamwambia: "Papa, ngojea kidogo kwanza." Yeye anachomoa, anakwenda. Kule Misisi anaona jina la faili liko, lakini faili haifunguki. Wachimbaji wanauliza: "Pesa yetu iko wapi?" Basi mtu mwaminifu anaonekana mwizi.

Kwa nini inakuwa vile? Fikiri bandari yetu ya Kalundu. Karani amekwisha kuandika mifuko 100 katika daftari, lakini wabebaji wamefikisha 60 tu ndani ya boti. Boti ikiondoka saa ile, mifuko 40 inabaki chini. Kompyuta inafanya vilevile: inaweka kazi kwanza katika kumbukumbu yake ya ndani, inasema imemaliza, kisha inaipeleka kwenye flashi polepole. Pengine sekunde nyingi zinapita. Ukichomoa katikati, hata ile orodha ya faili inaweza kuharibika, na zile za zamani zisionekane tena.

Kwa kawaida tunabonyeza alama ya kutoa flashi. Lakini masini nyingi za zamani zinaendeshwa na Linux, kama ile Ubuntu iliyotoka mwaka 2004, inayotolewa bila malipo, yenye jina la Kiafrika maana yake utu. Siku suri imekufa ao alama haionekani, unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kufanya hivi:

1. Funga kila faili ya flashi. Kisha andika:
lsblk
Utaona orodha ya diski. Tambua flashi yako kwa ukubwa wake: ile ya GB 16 inaonyesha karibu 15G. Usifuate herufi tu. Mara nyingi sda ni diski ya masini yenyewe na flashi ni sdb, lakini si kila mara.

2. Kama flashi ni sdb, na sehemu yake ni sdb1, andika:
udisksctl unmount -b /dev/sdb1
Hapa masini inapeleka mizigo yote iliyobaki. Ngojea mpaka ijibu.

3. Halafu ukate umeme wa flashi:
udisksctl power-off -b /dev/sdb
Sasa chomoa bila woga.

Masini ikijibu "target is busy", maana yake kuko kitu kingali kinatumia flashi. Usilazimishe. Pengine ni faili iliyo wazi, ao terminali yenyewe imesimama ndani ya flashi. Andika cd peke yake ili utoke, kisha rudia amri ya pili.

Na kwa sababu umeme wetu unakatika bila kupiga hodi, kila ukimaliza kunakili kazi ya maana andika:
sync
Neno hili linaambia masini ipeleke yote sasa hivi. Mstari ukirudi, kazi imefika.

Wenye Windows 10 watasema: kwetu si lazima. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa mwaka 2018 Windows hiyo imepangwa ili flashi itolewe upesi. Lakini hata kwake, ukichomoa wakati kunakili kunaendelea, unaharibu. Mwenye Mac aandike diskutil list, aone namba ya flashi, kisha diskutil eject na jina lake, kama disk2.

Mama na baba, waandikieni watoto amri hizi kwenye karatasi, wazibandike karibu na masini. Na kopi ya pili msiiweke katika kabati moja na ya kwanza. Kama nyumba yenu iko karibu na mto ao ziwa, ikae kwa ndugu mwenye nyumba juu kwenye mlima.