GHOROFA ZA KARIAKOO: NANI ANACHORA, NANI ANAZIKWA?

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, watu wakiwa kazini. Zaidi ya 20 walikufa. Walioshuhudia walisema kazi ya kupanua maduka ya chini ilikuwa ikiendelea. Rais Samia akaagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe.

Wananchi walikwisha sikia wimbo huo. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 zilianguka Mtaa wa Indira Gandhi zikaua watu 36. Kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Tunauliza: ghorofa haijengwi usiku mmoja wala haifichwi chini ya kitanda. Wakubwa wa jiji walikuwa wapi wakati zile za ziada zikipanda juu?

Wapo watakaosema magazeti ya upinzani yanapinga maendeleo. Uongo mtupu! Kariakoo inahitaji nyumba za ghorofa. Kijana anayeuza viatu Msimbazi hana sababu ya kulala Chanika na kumaliza faida yote kwenye nauli. Ugomvi wetu ni nyumba hizo zinachorwa kwa ajili ya nani.

Nyumba ya zamani ya Kariakoo ilikuwa na akili. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Upepo ulipita kutoka mlangoni hadi uani. Leo tajiri anabomoa, anajaza zege kiwanja kizima, ukuta kwa ukuta na jirani. Vyumba vya katikati havina dirisha, taa inawashwa saa sita mchana. Ngazi ni moja, nayo imejaa mabelo. Moto ukitokea, mama mwenye watoto ghorofa ya tano atapita wapi?

Na hayo mabelo ni hatari ya pili. Sakafu iliyopigiwa hesabu ya kitanda na kabati inageuzwa stoo na kubebeshwa tani za vitambaa. Nguzo haijui kuongea. Siku ikichoka inaanguka tu.

Tunavyoona sisi, katika mtaa wa namna hii ghorofa nne au tano zinatosha. Chini yawe maduka, na mbele yake baraza pana lenye nguzo, mpita njia ajikinge na mvua, mmachinga apate kimeza chake bila kukimbizana na mgambo. Katikati uachwe uwazi wa kupitisha hewa na mwanga. Vyumba vya kulala vielekee huko ndani, mbali na honi. Ngazi ziwe mbili. Na shimo la maji machafu lilingane na idadi ya watu, siyo lile la nyumba ya vyumba sita.

Na mpangaji wa zamani arudi. Magomeni Kota wapangaji 644 walirudishiwa nyumba, zikazinduliwa Machi 2022, ingawa walisota miaka mingi kwanza. Kumbe inawezekana! Kwa nini Kariakoo mpangaji apewe notisi tu, basi?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila jengo linalojengwa libandikwe ubao mbele ya uzio: idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, jina la mhandisi, na jina la ofisa aliyesaini kibali. Kila anayejua kuhesabu hadi tano atakuwa mkaguzi. Pili, asiruhusiwe mtu kuchimba chini ya jengo lenye watu ndani. Tatu, jengo likiua, ofisa aliyesaini asimame kizimbani pamoja na mwenye jengo.

Vijana, msingoje kamati nyingine. Mnaofanya kazi chini ya zege hizo ni ninyi. Ukiona ghorofa inaongezwa, au chini panachimbwa, piga kelele mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Kariakoo ukuta haungoji kujengwa, unakuangukia.