Mshairi Akishuka Barazani Hajajishusha

Katika kumbi zetu za mihadhara yamezuka mazoea ya kuupima ushairi kwa ugumu wake. Utungo uliosheheni msamiati wa kale huitwa fasihi. Ule unaoeleweka na mvuvi na mama muuza mahamri huitwa wa kupita. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kipimo hicho ni potofu, na ushairi wa Amu unakikanusha waziwazi.

Suala hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, mtunzi wa muziki Aaron Copland alitunga mwaka 1930 kazi ya piano iliyo ngumu kwa sikio lisilozoea. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulipowanyima mamilioni ajira, yeye na wenzake walianza kujiuliza wanamtungia nani. Akageukia nyimbo za wachunga ng'ombe, akatunga 'Billy the Kid' mwaka 1938, kisha 'Fanfare for the Common Man' mwaka 1942, tarumbeta za kumtukuza mtu wa kawaida. Hata hivyo, wepesi ule ulikuwa wa kusikiliza, si wa kutunga. Mwaka 1962 alitoa 'Connotations', kazi ngumu kupindukia. Fundi alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni hadhira aliyoikusudia.

Tukirejea kwetu, uteuzi huo wa hadhira ni wa zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliomboleza kuanguka kwa Pate katika Al-Inkishafi kwa lugha nzito, inayomtaka msomaji awe na elimu ya dini na ya Kiswahili cha kale. Mwana Kupona, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake wasia juu ya dini, nyumba na mume. Hakuna mhadhiri anayethubutu kusema kwamba utendi huo ni duni kwa sababu ulikusudiwa binti nyumbani.

Mbona basi tunasita tunapofika karne ya ishirini? Mwaka 1974 Ustadh Mahmoud Mau, mwokaji mikate wa Amu, alitunga Wasiya wa Mabanati, akiwaonya wasichana juu ya wanaume wanaowalaghai kisha wakawatelekeza. Utungo huo ulienea kwa kaseti, kwa sauti ya mghani, ukaingia majumbani ambamo diwani haziingii. Baadaye akatunga Ukimwi ni Zimwi kuhusu janga lililowakumba watu wake. Vina na mizani havikutupwa ili umma uelewe. Ndivyo vilivyousaidia umma kukumbuka. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, mashairi ya uchaguzi yaliyojulikana kama Kimwondo nayo yalizungushwa Amu kwa kaseti, watunzi wakijibizana hadharani.

Ni kweli kwamba si kila utungo mwepesi ni mzuri. Shairi la kampeni laweza kuwa matusi yaliyotiwa vina. Lakini hilo hujulikana kwa kulihakiki, si kwa kulikataa mlangoni.

Jambo hili lina uzito leo kwa kuwa dhiki ya Amu haijesha. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku, na uvuvi wa usiku ukasimama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Atakayeyatungia mashairi mambo haya huenda akayatuma kwa simu kama sauti tu. Tukingoja yachapishwe ndipo tuyahesabu kuwa fasihi, tutakuwa tumeukosa ushairi wa zama zetu wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu ziikubali rekodi ya sauti kuwa matini kamili ya tasnifu, yenye hadhi sawa na mswada. Pili, vyama vya Kiswahili vishirikiane na wenyeji wa Amu, Pate na Faza kunakili kaseti zilizosalia kabla joto na chumvi havijaziharibu. Na mtahini atakayeuliza shairi la kaseti lina uzito gani, aulizwe kwanza kama amewahi kulisikiliza.